Podikasti za redio ya chuo

Podikasti za redio ya chuo ni vipindi vya sauti vinavyoandaliwa na wanafunzi wa chuo au chuo kikuu kupitia kituo chao cha redio, kisha kuwekwa kwenye intaneti ili msikilizaji avisikilize au avipakue kwa wakati anaoutaka. Mada zake kuu ni tatu: muziki, masuala ya jamii na ustawi wa wanafunzi wenyewe. Baadhi ni vipindi vilivyokwisha kurushwa hewani na kuhifadhiwa. Vingine huandaliwa kwa ajili ya mtandao tu na havisikiki kabisa kwenye masafa ya redio.

Redio ya chuo ilizaliwa kama chombo cha eneo dogo na cha wakati uleule: aliyekuwa karibu na redio alisikia, na aliyekuwa darasani alikosa. Podikasti imeondoa mipaka hiyo miwili. Kipindi husikika mbali, tena hubaki. Faida hiyo ina gharama yake. Muziki, uliokuwa uti wa mgongo wa redio za vyuo, ni vigumu kuuhamishia kwenye podikasti kwa sababu ya hakimiliki, na maneno aliyoyasema mwanafunzi wa miaka 19 kuhusu maisha yake yanaweza kumfuata hata baada ya kuhitimu.

## Historia

### Redio za vyuo

Vyuo vilikuwa miongoni mwa warushaji wa kwanza wa matangazo ya redio. Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison kilikuwa na kituo cha majaribio kilichoitwa 9XM, ambacho mwaka 1922 kilipewa jina la WHA. Wanafunzi wa Union College mjini Schenectady, jimbo la New York, walianza kurusha matangazo mwaka 1920. Vituo hivyo vya awali vilikuwa zaidi maabara za ufundi kuliko sauti ya wanafunzi.

Redio iliyoendeshwa na wanafunzi kwa ajili ya wanafunzi wenzao ilipata sura yake mwaka 1936 katika Chuo Kikuu cha Brown. Wanafunzi wawili, George Abraham na David Borst, waliunganisha mabweni kwa nyaya na kurusha vipindi vilivyosikika ndani ya eneo la chuo tu. Mwaka 1940 walishiriki kuanzisha Intercollegiate Broadcasting System, umoja wa redio za vyuo.

Mwaka 1945 Tume ya Mawasiliano ya Marekani (FCC) ilitenga sehemu ya chini ya masafa ya FM, kati ya megahezi 88 na 92, kwa vituo visivyo vya biashara. Mwaka 1948 ikaruhusu vituo vya elimu vyenye nguvu ya wati 10 tu. Mtambo wa namna hiyo ulikuwa rahisi kuununua, na vyuo vingi vikaanzisha redio. Mlango huo ulifungwa mwaka 1978, FCC ilipoacha kutoa leseni mpya za wati 10. Vituo vilivyokuwepo vilitakiwa kuongeza nguvu hadi angalau wati 100 au kukosa kinga dhidi ya vituo vikubwa zaidi.

Katika miaka ya 1980 redio hizi zilijulikana kwa kupiga muziki ambao redio za biashara ziliukataa. Bendi ya R.E.M. kutoka Athens, jimbo la Georgia, ni mfano unaotajwa mara nyingi: ilisikika kwanza kwenye redio za vyuo kabla ya kupata umaarufu duniani.

### Kuja kwa podikasti

Podikasti nayo ina mizizi chuoni. Mwaka 2003 mwandishi wa habari Christopher Lydon alirekodi mahojiano katika Kituo cha Berkman cha Chuo Kikuu cha Harvard. Mtaalamu wa programu Dave Winer aliyasambaza kama mafaili ya sauti kupitia mlisho wa RSS, yaani utaratibu unaoiwezesha programu ya msikilizaji kupokea toleo jipya bila yeye kulitafuta. Neno lenyewe lilionekana Februari 2004 katika makala ya Ben Hammersley kwenye gazeti la The Guardian; limeundwa kutokana na jina la kifaa cha iPod na neno la Kiingereza lenye maana ya kutangaza. Mwaka 2005 kampuni ya Apple iliingiza podikasti katika programu yake ya iTunes, na usikilizaji ukaenea.

Kwa redio za vyuo vya Marekani, mtandao ulikuja pia kama kimbilio. Mara nyingi leseni ya kituo si mali ya wanafunzi bali ya chuo, hivyo chuo kinaweza kuiuza. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Rice kilitangaza kuuza masafa ya redio yake ya KTRU kwa Chuo Kikuu cha Houston kwa dola milioni 9.5. Januari 2011 Chuo Kikuu cha San Francisco kiliondoa hewani KUSF, iliyokuwa ikisikika kwenye 90.3 FM, kwa mpango wa mauzo ya dola milioni 3.75. Wanafunzi na wasikilizaji walipinga, lakini masafa yalikwenda. Watangazaji wa vituo vyote viwili waliendelea kwa njia ya mtandao.

## Tofauti na kipindi cha hewani

Kipindi cha hewani hufuata ratiba, na mtangazaji anaweza kutaja saa, hali ya hewa au foleni ya chakula bwaloni. Podikasti husikilizwa siku yoyote, hivyo mambo ya siku moja huondolewa wakati wa kuhariri. Kipindi cha hewani kina muda maalumu. Podikasti inaweza kuwa ya dakika 12 au 70 kulingana na mada.

Tofauti nyingine ni ya gharama kwa msikilizaji. Redio ya FM husikilizwa bure, lakini podikasti hutumia bando. Podikasti ya nusu saa iliyohifadhiwa kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde ina ukubwa wa megabaiti 29 hivi. Ikipunguzwa hadi kilobiti 64, ambacho ni kiwango cha kutosha kwa mazungumzo, hubaki megabaiti 14 hivi. Kwa mwanafunzi anayenunua bando la siku, uamuzi huo wa mhariri ndio unaoweza kuamua kama kipindi kitasikilizwa au la.

## Maudhui

### Muziki

Kituo cha redio hulipia leseni ya jumla kwa vyama vya kukusanya mirabaha, kama vile ASCAP na BMI nchini Marekani au PRS for Music na PPL nchini Uingereza. Leseni hiyo hukiruhusu kupiga nyimbo hewani, lakini kwa kawaida haitoshi kwa podikasti, kwa kuwa podikasti si kupiga wimbo tu bali ni kutengeneza nakala yake na kuisambaza. Tena kila wimbo uliorekodiwa una haki mbili: ya utunzi, yaani maneno na tuni, na ya rekodi yenyewe. Msanii anaweza kukubali wimbo wake utumike, kumbe rekodi ni mali ya kampuni au ya mtayarishaji wa studio. Nchini Tanzania mambo ya hakimiliki yako chini ya COSOTA, na nchini Kenya chini ya KECOBO.

Wanafunzi wengi huamini kwamba sekunde 30 za wimbo wowote ni halali kutumia. Hakuna kanuni ya jumla ya namna hiyo. Kwa hiyo podikasti za muziki za vyuo hufuata njia nyingine: mahojiano na wasanii, uchambuzi wa albamu bila kuipiga, historia za mitindo ya muziki, nyimbo zenye leseni huria za Creative Commons, au rekodi za bendi za chuo zilizotolewa kwa ruhusa ya maandishi. Njia hii ya mwisho imekuwa na faida isiyotarajiwa, kwani huhifadhi kazi za wasanii chipukizi ambazo zisingerekodiwa na mtu mwingine.

### Masuala ya jamii

Hapa ndipo podikasti ina nguvu kuliko kipindi cha hewani, kwa kuwa mada ngumu huhitaji muda. Mada za kawaida ni mikopo ya elimu ya juu, makazi nje ya chuo, uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, ajira baada ya kuhitimu, haki za wanafunzi wenye ulemavu na unyanyasaji wa kijinsia. Katika vyuo vya Tanzania, kuchelewa kwa fedha za kujikimu, ambazo wanafunzi huziita bumu, ni jambo linalogusa mlo wa siku hiyohiyo. Mada nyingine nzito ni rushwa ya ngono, ambayo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007.

Mada kama hizo hudai uangalifu wa kihabari. Mtu anayetuhumiwa hupewa nafasi ya kujibu kabla ya kipindi kutoka, ushahidi hupimwa, na tetesi za hosteli hazigeuzwi kuwa habari. Kashfa iliyosikika mara moja hewani huenda ikasahaulika. Iliyomo kwenye podikasti inaweza kusikilizwa tena mahakamani.

### Ustawi wa wanafunzi

Ustawi ni neno pana linalohusu afya ya mwili na akili, usalama, fedha na mahusiano. Podikasti za vyuo huzungumzia upweke wa mwaka wa kwanza, hofu ya sapu, yaani mitihani ya marudio, aibu ya kudisko, yaani kuondolewa masomoni kwa kufeli, madeni, kamari, ulevi, msongo wa mawazo na sonona. Msikilizaji anaweza kusikiliza peke yake kwa spika za masikioni, bila mwenzake wa chumbani kujua. Faragha hiyo humfikia hata yule anayeona haya kuonekana mlangoni kwa mshauri nasaha.

Suala hili si dogo. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO) za mwaka 2021, kujiua ni sababu ya tatu ya vifo vya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 29 duniani. WHO ina mwongozo kwa wanahabari kuhusu namna ya kuripoti jambo hilo: njia iliyotumika isielezwe, tukio lisitiwe chumvi, sababu isirahisishwe kuwa moja tu, na msikilizaji aelekezwe mahali pa kupata msaada. Simulizi za watu waliopita katika dhiki na kuivuka zinaweza kuokoa maisha, ilhali maelezo ya kina ya kifo yanaweza kuwashawishi wengine kuiga. Sheria nazo huathiri uhuru wa watu kuzungumza. Nchini Kenya, kujaribu kujiua kulihesabiwa kuwa kosa la jinai hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba.

Mtangazaji mwanafunzi si mshauri nasaha. Kazi yake ni kufungua mazungumzo, kumwalika mtaalamu na kueleza msaada unapatikana wapi. Jambo gumu zaidi ni ridhaa ya mgeni. Jina linaweza kufichwa, lakini sauti hutambulika kwa urahisi na watu wa hosteli moja. Vituo makini huomba ridhaa mara mbili: kabla ya kurekodi, na tena siku chache baadaye, mgeni akiwa ametulia na amesikiliza alichosema. Akibadili nia kabla ya kipindi kutoka, sehemu yake huondolewa. Baada ya kutoka, faili linaweza kufutwa mtandaoni, lakini nakala zilizokwisha kupakuliwa hazirudi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

## Uandaaji

Podikasti ya chuo haihitaji vifaa vingi: maikrofoni moja au mbili, chumba kisicho na mwangwi, kompyuta na programu ya kuhariri sauti kama Audacity, ambayo ni ya bure. Pasipo studio, simu ikiwekwa karibu na mdomo katika chumba chenye mapazia na magodoro hutoa sauti inayofaa. Hatua zake kwa kawaida ni hizi:

1. Kuchagua mada na kuifanyia utafiti.
2. Kuandika muhtasari wa maswali.
3. Kurekodi.
4. Kuhariri na kusawazisha sauti.
5. Kukagua ukweli, ridhaa na hakimiliki.
6. Kuchapisha pamoja na maelezo mafupi ya kipindi.

Hatua ya tano ndiyo hurukwa mara nyingi, na ndiyo chanzo cha migogoro mingi.

## Afrika Mashariki

Vyuo kadhaa vya Afrika Mashariki vina redio zao. Tanzania ina Mlimani Radio ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Radio SAUT ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino jijini Mwanza. Nchini Kenya kuna Equator FM ya Chuo Kikuu cha Maseno, Shine FM ya Chuo Kikuu cha Daystar na MMUST FM ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mjini Kakamega. Redio za namna hii kwa kawaida huhusiana na mafunzo ya uandishi wa habari, hivyo studio huwa pia darasa.

Uhusiano huo huwapa wanafunzi walimu na vifaa, lakini huzua swali la uhuru: je, wanaweza kuukosoa uongozi wa chuo kupitia studio ya chuo hichohicho? Podikasti inayorekodiwa kwa simu haina mwenye mtambo, ila haiko nje ya sheria. Mwaka 2018 Tanzania ilitunga kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizowataka wenye blogu na redio za mtandaoni kupata leseni ya TCRA. Kanuni hizo zilifuatiwa na nyingine mwaka 2020 na marekebisho mwaka 2022.

## Changamoto

Wanafunzi huhitimu. Podikasti nyingi za vyuo hunyamaza pale waanzilishi wanapoondoka, wakati mwingine kwa sababu ndogo kama nywila ya akaunti kubaki kwa mtu mmoja. Vituo vinavyodumu huwa na akaunti ya pamoja, mwongozo ulioandikwa, na wasaidizi wa mwaka wa kwanza wanaojifunza kabla ya kukabidhiwa kazi. Nakala za vipindi huhifadhiwa pia maktabani, kwa kuwa kampuni ya mtandao inaweza kufungwa au kufuta mafaili. Bila utaratibu huo, podikasti hupotea kama kipindi cha hewani kilivyopotea zamani.

## Tazama pia

- Redio
- Podikasti
- Hakimiliki
- Afya ya akili
- Uandishi wa habari