Mitumba Kariakoo: Bei ndogo pekee haileti akiba

WAKAZI wengi wa Dar es Salaam, pamoja na wageni wanaoingia jijini kutoka mikoani, hununua nguo, viatu na vyombo vilivyokwishatumika kwa sababu moja kubwa: kubana matumizi. Hata hivyo, si kila anayetoka Kariakoo na mfuko uliojaa huwa ameokoa fedha. Wapo wanaozipoteza bila kujua.

Kwa mkulima jambo hili lina uzito zaidi. Mwenye mshahara akikosea mwezi huu, anaweza kujirekebisha mwezi ujao. Fedha ya korosho, pamba au mpunga huingia mara moja kwa mwaka, na ndani yake kuna mbegu, mbolea, sare za watoto na chakula cha miezi ya njaa. Shilingi ikipotea sokoni, hurudi msimu mwingine tu.

Makala haya yanaeleza namna ya kununua vitu vya mitumba ili akiba ionekane kweli.

Vinatoka wapi?

Huko Marekani na Canada, familia inayotaka kupunguza vitu vyake hupanga nguo, vyombo na midoli ndani ya gereji au uani siku za mwisho wa wiki, na majirani wakaja kununua kwa bei ya chini. Visivyouzwa mara nyingi hupelekwa kwa mashirika ya hisani kama Salvation Army na Goodwill.

Mashirika hayo huuza sehemu katika maduka yao, na ziada huuzwa kwa kilo kwa makampuni ambayo huchambua, hupanga kwa madaraja na kufunga mabelo ya kusafirisha nje. Hivyo ndivyo shati lililokosa mnunuzi ughaibuni linavyoweza kufika Bandari ya Dar es Salaam.

Hapa nchini mitumba ilishamiri baada ya masharti ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, kufuatia kipindi cha uhaba mkubwa wa bidhaa madukani. Wakati huo wapo walioziita nguo hizo "kafa Ulaya", wakiamini kuwa wenyewe wamefariki. Leo mtu huvaa mtumba kazini, kanisani na msikitini bila aibu.

Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba taratibu ili kulinda viwanda vya ndani. Rwanda ilipandisha ushuru, na mwaka 2018 Marekani ikasimamisha nafuu ya AGOA kwa nguo zinazotoka nchini humo. Kwa Tanzania biashara iliendelea.

Jua mahali na saa

Anayetoka mkoani na kushuka Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi, anaweza kupanda basi hadi Kariakoo. Mtaa wa Kongo na mitaa inayouzunguka umejaa nguo mpya na za zamani. Kwa mitumba hasa, wengi huenda Soko la Mchikichini, maarufu kama Karume, lililopo Ilala jirani na Uwanja wa Karume. Eneo la Gerezani nalo linajulikana kwa vipuri, vyuma na mafundi.

Bei ya mtumba hufuata saa. Belo likifunguliwa asubuhi, wachaguaji wa kwanza hulipa zaidi kwa sababu wanachukua vilivyo bora. Hapo ndipo wenye maduka ya mitaani hujipatia mali yao. Kadiri watu wanavyochagua, ndivyo rundo linavyoshuka bei, hadi jioni muuzaji anapopiga kelele za bei ya kutupa.

Kwa hiyo, anayetafuta koti la kudumu miaka mitatu na awahi asubuhi. Anayetaka nguo za shambani, ambazo zitachakaa kwa jua na matope, asubiri jioni. Kulipa bei ya asubuhi kwa nguo ya kupalilia ni kupoteza fedha, sawa na kununua nguo ya harusi kwenye mabaki ya jioni.

Msimu nao una nafasi yake. Januari wazazi wote wanatafuta viatu vyeusi na masweta ya shule kwa pamoja, na bei hupanda. Mwenye kujua ukubwa wa mguu wa mtoto anaweza kununua miezi miwili kabla, akiacha nafasi kidogo kwa kuwa mtoto hukua.

Kagua kabla ya kulipa

Mtumba haurudishwi. Ukishalipa na kuondoka, kasoro ni yako. Nguo igeuzwe ndani nje, iangaliwe kwapani, kwenye mishono, zipu na mpira wa kiuno. Inyanyuliwe kuelekea mwanga ili matundu madogo yaonekane. Nguo za ndani za mitumba ziachwe kabisa, kwani Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limezipiga marufuku kwa sababu za kiafya. Zilizobaki zifuliwe vizuri na kupigwa pasi kabla ya kuvaliwa.

Viatu vikunjwe kwa mkono. Vilivyokaa ghalani miaka mingi vinaweza kung'aa juu, lakini soli ikameguka siku ya pili ya kuvaliwa.

Vyombo vya umeme vinahitaji uangalifu zaidi. Umeme wa Tanzania ni volti 230, lakini vifaa vya Marekani hutengenezwa kwa volti 120 na vya Japani kwa volti 100. Pasi au blenda ya namna hiyo ikichomekwa moja kwa moja huungua. Soma kibandiko nyuma ya kifaa. Kama kinahitaji transfoma, ongeza bei yake kwenye hesabu.

Friji la zamani nalo linaweza kuwa rahisi dukani na ghali nyumbani, kwa sababu linakula umeme mwingi. Mama lishe au muuza soda anayenunua friji la mtumba na aulize linatumia wati ngapi, kisha alijaribu kwa muda wa kutosha ili aone kama linagandisha. LUKU itamkumbusha kila wiki alichosahau kuuliza.

Hesabu ya belo

Mfanyabiashara mdogo anayepeleka mitumba kwenye minada ya vijijini hukutana na hatari nyingine: hununua belo, au robota kama wengine wanavyoliita, likiwa limefungwa. Haoni kilichomo.

Tuchukue mfano. Belo la mashati lina vipande 150. Limenunuliwa kwa Sh400,000, na usafiri hadi kijijini ni Sh30,000. Jumla ni Sh430,000. Ukigawanya, kila shati limegharimu karibu Sh2,900, na wengi hudhani wakiuza kwa Sh3,500 wamepata faida.

Lakini mashati hayafanani. Tuseme 40 ni mazuri na yanauzika kwa Sh6,000 kila moja, 60 ni ya kati kwa Sh3,000, na 50 ni dhaifu kwa Sh1,000. Mauzo yote ni Sh470,000 na faida Sh40,000, kabla ya ushuru wa mnada na chakula. Yale 50 ya mwisho yasipouzika, mauzo yanakuwa Sh420,000. Hapo kuna hasara ya Sh10,000, ingawa mashati mazuri yote yameuzwa.

Anayeanza na mtaji mdogo ana njia salama zaidi. Anaweza kuchagua vipande kimoja kimoja belo linapofunguliwa, hata kama bei ya kila kipande ni kubwa, kwa sababu anaona anachonunua. Au watu watatu wanaoaminiana wachangie belo moja na kugawana hatari. Zaidi ya yote, aandike. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Asiweke pia mtaji wote kwenye kibanda kimoja. Usiku wa kuamkia Januari 16, 2022 moto uliteketeza Soko la Karume, na wafanyabiashara waliokuwa na kila kitu ndani walibaki mikono mitupu.

Minada na mali ya wizi

Kuna nafasi nyingine: minada inayotangazwa magazetini na familia za wageni zinazouza samani kabla ya kurudi kwao. Vitu vya mnada huuzwa kama vilivyo na mahali vilipo. Nenda siku ya kukagua, soma masharti ya malipo, na uandike kiwango chako cha juu kabla ya kupiga bei. Ushindani wa mnadani humfanya mtu alipe zaidi ya bei ya dukani.

Simu ya mkononi isiyo na risiti, inayouzwa haraka kichochoroni, ikimbie. Kupokea mali ya wizi ukijua ni kosa la jinai. Bonyeza *#06# upate namba ya utambulisho wa simu, uilinganishe na iliyo kwenye boksi na risiti. Simu bandia zilizimwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) Juni 2016, na walionunua kwa bei ya kutupa ndio waliobaki nazo zikiwa kimya.

Akiba iko wapi?

Kabla ya kulipa, jiulize maswali matatu. Je, ningekinunua kitu hiki kama kingekuwa bei ya kawaida? Kitadumu muda gani? Nauli, fundi na umeme vitaongeza kiasi gani? Sweta la Sh8,000 linalovaliwa miaka miwili ni rahisi kuliko la Sh3,000 linalochanika baada ya mwezi mmoja. Ndiyo maana wahenga walisema rahisi ghali.

Ukishanunua vizuri, kilichookolewa kiondolewe mfukoni siku hiyo hiyo. Kama ulipanga Sh60,000 kwa nguo za watoto ukatumia Sh35,000, zile Sh25,000 zipelekwe SACCOS, VICOBA au zinunue mbegu. Zikibaki mfukoni Kariakoo, zitaishia kwenye rundo linalofuata.