Vitenzi vya Ladha katika Kihispania kwa Msemaji wa Kiswahili

Mwanafunzi anayejifunza Kihispania kwa kupitia Kiingereza hukabiliwa na mtego anapofikia suala la ladha. Katika Kiingereza, kitenzi kimoja humtumikia mpishi aonjaye supu na supu yenyewe yenye ladha fulani. Kihispania, sawa na Kiswahili, hutenganisha mambo hayo. Mpishi husema "pruebo la sopa", yaani naonja supu. Ama kuhusu supu husemwa "la sopa sabe a limón", supu ina ladha ya limau. Anayesema "la sopa prueba limón" huwa ameitia supu ulimi.

Kitenzi "saber" ndicho hicho hicho chenye maana ya kujua. Chimbuko lake ni "sapere" ya Kilatini, iliyomaanisha kuwa na ladha na pia kuwa na busara. Ndiko lilikotoka hata jina la kisayansi la binadamu, Homo sapiens. Kihusishi "a" ndicho aghalabu kinachobainisha maana: "sabe francés" ni anajua Kifaransa, ilhali "sabe a pescado" ni ina ladha ya samaki. Panapotajwa uzuri au ubaya tu, kihusishi hicho hakihitajiki: "sabe bien".

Kitenzi "gustar" nacho hufasiriwa kwa mazoea kuwa ni kupenda, na hapo ndipo makosa huanzia. Mwenziwe halisi ni kupendeza. "Me gusta el mango" ni embe lanipendeza. Yakiwa mengi, "me gustan los mangos", maembe yanipendeza. Katika lugha zote mbili kitenzi hupatana na tunda, naye mlaji hubakia yambwa: "me" huko, "-ni-" huku. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba kumwambia mtu "me gustas" hufahamika aghalabu kuwa ni tamko la mahaba. Anayekusudia urafiki mtupu husema "me caes bien".

"Catar" ni kuonja kwa kitaalamu, mathalani divai au mafuta ya zeituni. "Saborear" ni kula taratibu kwa kuifurahia ladha.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo Kiswahili hakimfai mwanafunzi. Mswahili husikia ladha ya kitunguu saumu katika mchuzi. Mhispania huitambua: "noto el sabor del ajo". Atakayefasiri neno kwa neno na kusema "oigo el ajo" ataulizwa kitunguu kimesema nini.