Binti Mwislamu kwenye shule ya masista: mzazi aulize nini kabla ya kusaini fomu?

Matokeo ya darasa la saba yakishatoka, kuna swali ambalo hutufikia studio kila mwaka, liwe limetoka Soni, Mlalo au Mtae. Binti yangu ni Mwislamu, shule ya masista pale Kifungilo inasifiwa, je, nikimpeleka si watambatiza? Wengine huzunguka kwanza. Wanaanza na ada, wanamaliza na dini. Walutheri na Wasabato nao huuliza, ingawa wao hofu yao ni ndogo.

Jibu fupi ni kwamba hakuna mwenye ruhusa ya kumbatiza kwa nguvu. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa imani. Sheria za Kanisa Katoliki lenyewe zinasema vivyo hivyo: kanuni ya 748 inakataza mtu yeyote kulazimishwa kuwa Mkatoliki kinyume cha dhamiri yake. Kwa hiyo sista akimlazimisha mwanafunzi, anavunja sheria ya nchi na ya Kanisa lake pia.

Lakini hofu ya wazazi haikutoka hewani. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Wajerumani walifungua shule ya serikali mjini Tanga isiyofundisha dini, kwa sababu Waislamu wa pwani walikataa kupeleka watoto misheni, ambako kusoma na kubatizwa vilikwenda pamoja. Milimani huku misheni ziliwahi kufika: Waprotestanti wa Kijerumani Mlalo mwaka 1891, Wakatoliki Gare mwaka 1897. Mzee akikuambia kwamba zamani mtoto aliingia shule na jina la nyumbani akatoka na jingine, hasemi uongo. Ndipo Sheria ya Elimu ya 1969 ikaifanya serikali ichukue shule nyingi za misheni, na nafasi zikawa za Watanzania wote bila kuulizana dini. Seminari ziliachwa, kwa kuwa hizo ni za kuandaa mapadri. Tofauti hiyo bado ipo: seminari na sekondari ya wasichana inayoendeshwa na masista si kitu kimoja. Jirani zetu wa Mazinde Juu, kwa mfano, wana sekondari ya wasichana iliyoanzishwa mwaka 1989 na padri Mbenediktini kutoka Marekani, Damian Milliken, na humo wamesoma Waislamu na Wakristo pamoja.

Basi ugomvi unatoka wapi? Kwa maoni yetu, unatoka kwenye mambo madogo ya bweni ambayo hakuna aliyeyasema mapema.

Chukua misa ya Jumapili. Shule inaweza kutaka wasichana wote wawe kanisani, kwa hoja kwamba hakuna wa kuwaangalia waliobaki bwenini. Kukaa kwenye benchi kwa utulivu ni jambo moja. Kupiga ishara ya msalaba na kupiga magoti ni jambo jingine. Na komunyo wala isikutie wasiwasi, kwani Kanisa Katoliki lenyewe halimpi Mwislamu. Binti anayebaki amekaa wenzake wakipanga foleni hajamkosea mtu. Hata hivyo wapo wazazi ambao kwao hata kuingia kanisani ni kuvuka mpaka. Hao waulize kabla, wasingoje likizo ya Juni.

Ramadhani ndiyo ngumu zaidi, na wengi hawaifikirii Januari. Mwezi huo huwahi kwa siku kama 10 au 11 kila mwaka, na siku hizi huangukia katikati ya muhula. Nani atawasha moto wa daku saa kumi alfajiri, kwa baridi hii ya Usambara? Shule isiyoweza kuamsha wapishi inaweza angalau kuacha chupa ya chai na chakula cha jioni kilichofunikwa. Uliza pia kama anayefunga anasamehewa mchakamchaka, na kama kuna pa kuswali. Chumba kimoja cha darasa kikifagiliwa kinatosha.

Hijabu? Hapo pana ubishi mkubwa. Kenya, kwenye shule iliyodhaminiwa na Kanisa la Methodist huko Isiolo, suala lilifika mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani iliwaruhusu wasichana kuivaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikatengua hukumu hiyo. Kesi ya Kenya haitufungi sisi, ila angalia miaka: kati ya hukumu hizo mbili binti anakuwa ametoka kidato cha kwanza hadi cha nne.

Msabato aulize kuhusu usafi na mitihani ya Jumamosi. Mwislamu aulize kama yupo wa kufundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu, somo ambalo Baraza la Mitihani linalitahini kama linavyotahini Maarifa ya Biblia.

Shule inayopokea ada ya Mwislamu huku ikificha masharti haimtendei haki. Mzazi anayesaini bila kusoma naye anamwachia mtoto vita visivyo vyake. Masharti hayo huwa kwenye fomu ya kujiunga. Kama husomi vizuri, msomee mwanao, au afadhali yeye akusomee wewe, kwa sauti, mpaka ukurasa wa mwisho. Palipo na utata mpigie mkuu wa shule, umwombe akuandikie jibu. Tatizo likitokea baadaye anza kwake, kisha bodi ya shule, kisha ofisi ya elimu ya wilaya. Na kabla ya kuirudisha fomu, ipige picha kwa simu, kurasa zote.