Kokoto za kifusi: biashara inayosubiri krasha

Nyumba ikivunjwa Kiwalani, bati ndizo za kwanza kupata mnunuzi. Zikishashuka hufuata mbao za paa, kisha milango na fremu zake, grili za madirisha, sinki la choo kama halijapasuka, na tofali zilizotoka nzima. Siku ya pili au ya tatu huja vijana wa vyuma chakavu na nyundo nzito. Wanapasua lenta na nguzo kutafuta nondo, na nondo iliyopinda inanyooshwa palepale tayari kwa kuuzwa. Wakishaondoka, uwanjani kinabaki kitu kimoja tu: kifusi.

Na hicho nacho hakikai. Anayedhani kifusi cha Dar es Salaam ni taka isiyo na mwenyewe hajawahi kujenga bondeni. Kiwalani, Vingunguti na Buguruni kuna viwanja vilivyolala chini kuliko barabara, na maji ya masika huingia mpaka sebuleni. Mwenye kiwanja cha namna hiyo hununua kifusi kwa trip ili ainue sakafu kabla hajalaza tofali la kwanza. Kwa hiyo mwenye Fuso huweza kulipwa mara mbili kwa mzigo mmoja: na anayetaka uondoke, na anayetaka ufike.

Nimeanza na hilo kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu kutengeneza kokoto kutokana na mabaki ya majengo huanza kwa kusema malighafi ni ya bure. Si ya bure. Mwenye krasha atakayetaka kusaga kifusi cha Kiwalani atashindana na shimo, na shimo halina masharti: linapokea zege, plasta, vigae, mchanga na chupa kwa bei ileile. Krasha inachagua. Biashara hii itakuwepo siku kokoto inayotoka kwenye kifusi itakapokuwa na thamani kubwa kuliko kujaza bonde.

Upande wa pili wa mizani kuna kokoto ya mlimani. Kwa miaka mingi jiji lilikula mawe ya Kunduchi, ambako wanawake wa Mtongani wamegonga kokoto kwa nyundo kwenye machimbo yaliyozungukwa na nyumba. Jiwe la Kunduchi ni la chokaa, na mafundi wanaolisifu kwa msingi na jamvi hawalitaki kwa ghorofa. Kwa zege la kazi nzito watu hutazama Lugoba, kule mbele ya Chalinze, ambako jiwe ni gumu na mashine ni kubwa. Lakini Lugoba iko zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa. Ukinunua kokoto zake Kiwalani unanunua dizeli, matairi, mizani ya barabarani na siku nzima ya dereva, na jiwe ndani yake. Lori hilohilo hupita pembeni ya nyumba zinazovunjwa Kimara na Ubungo likiwa limebeba kitu kinachofanana sana na kile kinachotupwa pale.

Na nyumba zimevunjwa. Kipawa, kata ya jirani, watu walihamishwa kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege. Mwaka 2017 mamia ya nyumba zilianguka kando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kwenda Kiluvya, kupisha upanuzi wa barabara. Bonde la Msimbazi limekuwa likisafishwa kwa ajili ya mradi mkubwa wa kudhibiti mafuriko. Mabasi yaendayo haraka ya awamu ya tatu yamechimbua Barabara ya Nyerere hadi Gongo la Mboto. Hizo ni bomoabomoa zinazoingia magazetini. Sehemu kubwa zaidi haiandikwi: nyumba ya vyumba sita ya mwaka 1985 inashushwa ili zipande fremu za maduka, ukuta unarudishwa nyuma mita mbili, choo cha zamani kinafukiwa.

Je, kifusi hicho kinafaa? Swali hilo lina jibu la maabara, tena lililotoka hapahapa. Mwaka 2013 Sabai na wenzake, wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi, walichapisha matokeo ya utafiti wao kuhusu mabaki ya ujenzi Tanzania. Walikusanya sampuli nane kutoka kwenye maeneo ya ujenzi na ubomoaji, wakazisaga, wakazichekecha, wakafyatua tofali za zege bila kutia hata chembe ya kokoto au mchanga mpya. Baada ya siku 28 waliziminya kwenye mashine. Asilimia 85 ya tofali zilifikisha nyutoni 7 kwa milimita ya mraba, kiwango cha chini kinachotakiwa Tanzania kwa tofali linalobeba mzigo.

Asilimia 85 ni habari njema, lakini mfanyabiashara asome na zile 15. Katika kila tofali 100, tofali 15 hazikufika, na kwa macho huwezi kuzitenga. Watafiti wenyewe walisema wazi kwamba kokoto za kifusi ni dhaifu kuliko za mlimani. Sababu inaonekana ukiivunja moja: ndani kuna jiwe la zamani, nje limevaa koti la saruji na mchanga wa zamani. Koti hilo lina vitundu, na vitundu hunywa maji. Jiwe gumu la mlimani hufyonza maji yanayokaribia asilimia moja ya uzito wake au pungufu. Kokoto ya kifusi hufyonza kati ya asilimia 3 na 8, wakati mwingine zaidi.

Hapo ndipo faida huweza kupotelea. Fundi akimwaga kokoto kavu za kifusi kwenye zege, maji yanafyonzwa, zege linakuwa gumu kusambaza, naye anaongeza ndoo. Mafundi wetu wanapenda zege rojo hata kwa kokoto nzuri. Kwa hizi watalifanya uji. Maji yakizidi, nguvu inashuka. Ili nguvu irudi lazima saruji iongezwe, na saruji ndiyo ghali kuliko vyote vilivyomo kwenye karai. Chukua zege la kawaida la moja, mbili, nne. Mita moja ya ujazo hula karibu mifuko sita ya saruji ya kilo 50 na kokoto za ujazo wa mita 0.85 hivi. Ukilazimika kuongeza nusu mfuko tu, nafuu uliyopata kwenye kokoto lazima iizidi bei ya huo nusu mfuko, la sivyo umefanya kazi ya bure na kujisifu kwamba umetunza mazingira. Dawa ni rahisi na haina gharama kubwa: kokoto ziloweshwe usiku kucha, zichujwe, ndipo ziingie kwenye mchanganyiko. Lakini inataka pipa, inataka maji, na inataka msimamizi asiyelala, na hicho cha tatu ni adimu.

Kuna mambo ambayo kokoto hizi zisifanye. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka mtaa wa Indira Gandhi likaua watu 36. Novemba 16, 2024 likaanguka la Kariakoo, na zaidi ya watu 20 wakafariki dunia. Hakuna anayelaumu kifusi kwa ajali hizo. Nazitaja kwa sababu katika jiji ambalo jengo linaweza kuanguka likiwa na kokoto halisi, mtu asije akapeleka nguzoni kokoto asizozijua asili yake. Kifusi cha nyumba iliyojengwa kwa mchanga wa baharini kina chumvi, na chumvi hula nondo. Dari za jipsamu zikisagwa pamoja na zege huleta salfeti, ambayo baada ya muda hupasua zege jipya. Hata Uingereza, yenye maabara kila kona, kiwango chao cha BS 8500 kinaweka kikomo cha asilimia 20 ya kokoto za zege lililosagwa kwa zege la kawaida la majengo.

Uholanzi, ambako karibu kifusi chote hurejelezwa, sehemu kubwa hulazwa chini ya barabara wala haiendi kwenye majengo. Kwangu mimi hilo ndilo somo la kibiashara. Soko la kokoto za kifusi liko kwenye vitu vinavyokanyagwa na kuegemewa, visivyobeba ghorofa juu ya vichwa vya watu: pevingi, mawe ya ukingo wa barabara, vifuniko vya mitaro, jamvi la uani, tofali za uzio, tabaka la chini la barabara za mitaa. Nairobi kampuni ya Gjenge Makers ya Nzambi Matee imeliona pengo hilohilo kwa kutumia plastiki iliyochanganywa na mchanga. Ilianza na pevingi, si na nguzo, na mwaka 2020 Umoja wa Mataifa ulimtuza mwanzilishi wake kama kijana bingwa wa mazingira.

Pwani yetu haikuhitaji kufundishwa kutumia jengo la jana. Gereza la Kilwa Kisiwani, walilolijenga Waomani karibu mwaka 1800, lilisimamishwa juu ya mabaki ya ngome ya Wareno ya 1505. Kilichobadilika ni kwamba ukuta wa matumbawe na chokaa ulibomoka kwa mikono, na zege la saruji linahitaji mashine.

Mashine, basi. Krasha ndogo ya taya inayovutwa nyuma ya gari ndiyo inayolingana na Kiwalani, kwa sababu kifusi hakiko mahali pamoja: leo kiko Bombom, kesho Minazi Mirefu, keshokutwa ng'ambo Yombo Vituka, ambako kiutawala umeshaingia Temeke. Kiwanda kikubwa kilichokaa mahali pamoja kitakula nauli, na nauli ndiyo tuliyokuwa tunaikimbia Lugoba. Vijana wa vyuma chakavu tayari wanafanya nusu ya kazi. Wao ndio wanaopasua nguzo, na nondo ndiyo inayowalipa. Krasha ikifuata nyayo zao inapokea zege lililokwisha kuvunjwavunjwa, bila chuma, bila kulipia kibarua cha nyundo.

Mtaji unaweza kupatikana karibu. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha kununua krasha hakina tofauti na kikundi cha kununua bodaboda, ila bodaboda ina abiria mtaani tayari. Kokoto za kifusi hazina mteja wa kwanza, na mteja huyo hawezi kuwa mama anayejenga vyumba viwili kwa akiba ya kikoba. Si haki kumfanya yeye awe maabara. Mteja wa kwanza ni Jiji la Dar es Salaam, jina ambalo tangu 2021 ndilo la iliyokuwa Manispaa ya Ilala, na ndilo linalotengeneza mitaro na njia za Kiwalani. Jiji likiandika kwenye zabuni zake za pevingi kwamba sehemu ya kokoto itoke kwenye kifusi kilichopimwa, krasha zitajitokeza zenyewe.

Kuna fundo moja la karatasi. Kokoto ya mlimani ni madini ujenzi, iko chini ya Tume ya Madini na ina mrabaha. Kifusi ni taka, na taka ni kazi ya halmashauri na ya chombo cha taifa kinachosimamia mazingira. Mwenye krasha anayepokea taka asubuhi na kuuza kokoto jioni asigeuzwe mpira kati ya ofisi hizo. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, uliosambaza tofali za kufungamana nchini, ungeweza kuandaa mwongozo wa kurasa chache wa kokoto hizi, nao ungesaidia kuliko semina kumi.

Msomaji unayevunja nyumba mwaka huu, ondoa kwanza jipsamu, vigae na plasta, kisha lundika zege peke yake. Na ukiuziwa tofali za kifusi, omba cheti cha kipimo cha siku 28. Muuzaji asiyekuwa nacho, mwachie tofali zake akajenge uzio wake mwenyewe.