Uzuri Huamuliwa na Nani? Kazi ya Falsafa Katika Nchi ya Taita Taveta

Maswali mawili ambayo vitabu vingi huyatenganisha, yaani falsafa ina kazi gani na uzuri ni nini, hukutana pale mtu anapoambiwa kwamba kitu anachokipenda hakina uzuri wowote, naye akataka kuonyeshwa sababu. Tawi la falsafa linaloshughulikia mabishano ya namna hiyo huitwa ujumi, na ingawa Mjerumani Alexander Baumgarten ndiye aliyelipa jina la kitaaluma huko Ulaya mwaka 1735, jambo lenyewe ni la kale kuliko jina lake na liko katika kila jamii. Sura hii inalichunguza kwa mifano ya kaunti moja ya Kenya, Taita Taveta, kwa sababu katika eneo hilo, kuanzia mji wa Voi ulio kwenye barabara na reli ya Mombasa hadi milima ya Dabida, Sagalla na Kasigau, hukumu kuhusu uzuri huchangia kuamua bei ya jiwe, mipaka ya ardhi na hatima ya msitu.

Kuhusu kazi ya falsafa, wanazuoni walioandika juu ya Afrika wametoa majibu mawili yanayopingana. Padri Placide Tempels, Mbelgiji aliyekuwa mmisionari nchini Kongo, alitoa mwaka 1945 kitabu kilichodai kwamba Wabantu wote wana falsafa moja iliyojengwa juu ya dhana ya nguvu ya uhai, ingawa kwa maoni yake wao wenyewe hawakuweza kuieleza kwa utaratibu mpaka waelezewe na mwingine. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliukataa mtazamo huo, na kuanzia miaka ya 1970 yeye na wenzake wakawaendea wazee wa vijijini, wakawauliza, wakawabishia, na mazungumzo hayo yakaingia katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu falsafa ya wahenga. Aliwagawa wazee hao katika makundi mawili: wale wanaoijua hekima ya jamii na kuirudia kwa ufasaha, na wale wanaoijua kisha wakaipima, wakaikubali sehemu na kuikataa sehemu kwa hoja zao wenyewe. Mgawanyo huo una uzito kuliko unavyopewa kwa kawaida, maana unaiondoa falsafa katika umiliki wa kabila au wa chuo na kuiweka katika tendo, nalo ni tendo la kudai sababu na kukubali kudaiwa.

Tendo hilo likielekezwa kwenye uzuri huanza kwa kubomoa. Katika majadiliano ya Plato yaitwayo Hippias Mkubwa, Socrates anauliza uzuri ni nini, na Hippias anamjibu kwa mifano: msichana mzuri, kisha dhahabu, ambayo eti hukipamba kila kinachoguswa nayo. Socrates anamwuliza upi ni bora kwa kukorogea chungu, mwiko wa dhahabu au mwiko wa mti wa mtini, na Hippias analazimika kukiri kwamba wa mti ndio unaofaa. Lakini hata kufaa hakutoshi kuwa jibu, na mwanamke wa Kasigau anayesuka kikapu cha mkonge analijua hilo kwa mikono yake: msuko uliokazwa vizuri na mkanda imara hukifanya kikapu kifae kubebea mahindi, ilhali mistari ya uzi uliotiwa rangi haiongezi nguvu yoyote, na bado ndiyo anayoihesabu kwa makini zaidi, akafumua safu nzima inapokosewa. Majadiliano ya Plato yanakwisha bila jibu, jambo linalowaudhi wasomaji wengi, ingawa majibu mabovu matatu au manne yameondolewa njiani na hayo ni mavuno ya kweli.

Mfano ulio mgumu zaidi unatoka ardhini. Mwanajiolojia Campbell Bridges, mzaliwa wa Scotland, aligundua ganeti ya kijani kaskazini mwa Tanzania mwaka 1967, kisha akaikuta upande wa Kenya mwaka 1971 katika nyika ya Taita Taveta, na mwaka 1974 kampuni ya vito ya Tiffany ya New York ikaitangaza sokoni kwa jina la tsavoraiti, kutokana na Tsavo. Rangi yake huletwa hasa na chembe za vanadiamu, na mawe makubwa yasiyo na dosari ni adimu sana. Mnunuzi mjini Voi hulishika jiwe ghafi kwa kibanio, huliinua kwenye mwanga wa dirisha, hulimulika kwa tochi ndogo kutoka nyuma ili aone nyufa na madoa ya ndani, kisha huligeuza polepole akikisia mkataji atalazimika kuondoa upande upi, kwa kuwa zaidi ya nusu ya uzito kwa kawaida hupotea katika kukata na kung'arisha. Mskoti mwingine, mwanafalsafa David Hume, aliandika mwaka 1757 kwamba kipimo cha ladha hupatikana katika hukumu ya pamoja ya watu wenye hisi kali, waliozoea kulinganisha na wasio na upendeleo, na kwa sifa mbili za kwanza ni vigumu kumpata mtu anayemfaa Hume kuliko broka wa vito aliyebobea.

Sifa ya tatu ndiyo yenye utata. Jicho la mchimbaji mdogo aliyelitoa jiwe shimoni linaweza kuwa kali sawa na la broka, lakini kila mmoja wao ana haja yake, huyu ya kuuza ghali na yule ya kununua rahisi, na wote wawili hutegemea bei inayopangwa mbali na Voi. Hapa falsafa ina kazi mahsusi ya kutenganisha mambo matatu ambayo soko huyachanganya: uzuri, uadimu na thamani. Kama kesho tsavoraiti ingeokotwa kila mahali kama kokoto, kijani chake kisingebadilika hata kidogo wala mwanga usingepita ndani yake kwa namna nyingine, bali bei ingeporomoka; basi bei haiwezi kuwa kipimo cha uzuri, na anayemwambia mchimbaji kwamba jiwe lake si zuri kwa sababu soko limelala anamdanganya kuhusu jiwe, hata kama anamwambia kweli kuhusu soko.

Jambo zito kuliko vito ni ardhi. Mbuga ya Taifa ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948, na leo sehemu zake mbili, ya Mashariki na ya Magharibi, zinachukua takriban asilimia 62 ya eneo la kaunti. Waanzilishi wake waliiona kuwa nyika ya asili isiyopaswa kuwa na makazi ya watu, na hiyo ilikuwa hukumu ya kiujumi kabla ya kuwa sheria, kwani Wawata, wawindaji waliotumia upinde na mishale ya sumu, walikuwa sehemu ya nyika hiyo kwa vizazi, na katika kampeni za miaka ya 1950 za kupambana na ujangili wengi wao walitiwa gerezani.

Ndovu wa Tsavo, ambao vumbi la udongo wa eneo hilo huwafanya waonekane wekundu, ni mfano kamili wa kile ambacho Edmund Burke, katika kitabu cha mwaka huohuo wa 1757, na Immanuel Kant, mwaka 1790, walikitofautisha na uzuri wa kawaida, nacho ni adhama, yaani ukubwa unaotisha na kuvutia kwa pamoja. Wote wawili waliweka sharti kwamba anayetazama awe salama, kwa sababu hofu ya kweli haiachi nafasi ya kufurahia. Mgeni aliyeketi kwenye baraza ya hoteli juu ya kisima cha maji analitimiza sharti hilo. Mkulima wa Sagalla ya chini, anayesikia matawi yakivunjika usiku pembeni mwa mahindi yaliyokaribia kukomaa, halitimizi, na kumwita mtu asiyethamini maumbile ni kumshutumu kwa kukosa kitu ambacho mwingine amekinunua. Kant aliliona sharti la usalama lakini hakuuliza usalama huo hugawiwa vipi, na swali hilo ni la falsafa sawasawa na lile la kwanza. Uzio wa mizinga ya nyuki uliojaribiwa katika vijiji vya Sagalla, ambamo mizinga huning'inizwa kwenye waya kuzunguka shamba kwa kuwa ndovu huogopa nyuki, unasaidia kupunguza uharibifu. Na pale unapofaulu, unampa mkulima sehemu ya ule umbali ambao bila yake hakuna adhama.

Katika milima mambo huenda kwa njia nyingine. Wataita walihifadhi misitu mitakatifu iitwayo fighi, ambamo haikuruhusiwa kukata miti ovyo na ambayo iliaminiwa kuilinda jamii, huku ibada yao ya kutasa ikimtaka mzee anywe funda la kinywaji na kulipuliza nje kwa maneno ya kutakia heri, ili kuitoa hasira moyoni, hasira iliyodhaniwa kuleta maradhi na balaa. Mwanaanthropolojia Grace Harris aliichunguza ibada hiyo katika kitabu cha mwaka 1978. Mtu anaweza kudai kutokana nayo kwamba moyo wenye kinyongo hauwezi kuhukumu sawa, hoja iliyo karibu sana na sharti la Hume la kutokuwa na upendeleo, ingawa kwa kipimo cha Oruka dai hilo litakuwa falsafa pale tu litakapotetewa na kupingwa.

Mskoti Ronald Hepburn alilalamika mwaka 1966 kwamba ujumi wa zama zake ulikuwa umeyasahau maumbile, na baada yake Allen Carlson akashikilia kwamba msitu hauhukumiwi vizuri bila kuujua. Taita inampa Carlson ushahidi mzuri. Msitu wa Ngangao, wenye takriban hekta 120, na safu za misonobari na mikaratusi ya kupandwa, kwa msafiri anayepita ni kijani kimoja. Lakini ndani ya misitu ya asili ndimo anamoishi kiruwiji wa Taita, ndege asiyepatikana popote pengine duniani, na anayelijua hilo huona katika Ngangao kitu ambacho safu za mikaratusi hazina.

Nadharia ya uzuri inayoweza kumweleza mgeni wa hoteli lakini ikashindwa kumjibu mkulima wa Sagalla haijakamilika, na mipango ya ardhi ya Tsavo inayotegemea nadharia ya namna hiyo inapaswa kujadiliwa upya, mkulima huyo akiwa miongoni mwa wanaodai sababu.