Makunyanzi ya Paji: Kisu, Sindano au Kofia?

Tumfikirie mama mmoja wa Namanyere, makao makuu ya Wilaya ya Nkasi, Mkoani Rukwa. Ni mwalimu wa shule ya msingi, umri wake ni miaka 52, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo ameitumia akisimama mbele ya ubao asubuhi na kuinamia mahindi na maharage yake jioni. Binti yake anafanya kazi Dar es Salaam. Siku moja binti huyo anapiga simu, na baada ya shikamoo na habari za nyumbani anasema: "Mama, ile picha ya harusi nimeiona. Paji lako limejaa makunyanzi, hata wenzangu wananiuliza kama siku ile ulikuwa umekasirika. Njoo huku nikupeleke ukachomwe sindano. Au kama unataka kumaliza mara moja, kuna upasuaji. Nauli nitatuma."

Mama anacheka na kujibu, "Mwanangu, sikukasirika. Ndivyo nilivyo." Lakini usiku ule, akiisha kusahihisha madaftari, anachukua kioo na kujitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi yake.

Si haki kumcheka mama huyu. Mtu anayeulizwa kila siku mbona amenuna, hali moyo wake ni mweupe, ana sababu ya kutafuta msaada. Lakini binti yake amemwekea sindano na kisu mbele yake kana kwamba ni vitambaa viwili dukani, vyenye kazi ile ile na bei mbalimbali. Sivyo hata kidogo. Vitu hivi viwili havitibu tatizo moja, na mwenye kuchagua kabla ya kujua tatizo lake aweza kupoteza fedha zake, na aweza hata kujikuta haoni vizuri.

ASILI YA MIKUNJO

Paji la uso lina msuli mpana ambao kazi yake ni kuinua nyusi. Kila unapovuta, ngozi iliyo juu yake hujikunja kwa mistari ya ulalo, mfano wa matuta shambani. Katikati ya nyusi mna misuli mingine midogo, ambayo huzivuta nyusi pamoja tunapokasirika, tunapofikiri sana au tunapokaza macho. Hiyo ndiyo ichorayo mistari ya wima. Ujanani ngozi hurudi mahali pake mara moja. Umri ukiendelea, nyuzi ziipazo ngozi mnyumbuko hupungua, na mistari iliyokuwa ikija na kwenda huamua kukaa.

Jua nalo huiharakisha kazi hiyo. Sehemu kubwa ya uwanda wa Ufipa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 unazopanda, miale ya jua iunguzayo ngozi huongezeka kwa kiasi cha asilimia 10. Upepo wa baridi wa Juni na Julai humdanganya mkulima akadhani jua halina nguvu, kumbe linafanya kazi yake. Ongeza moshi wa jikoni, ambao humfanya mpishi akunje uso kila siku, na tumbaku, ambayo huzeesha ngozi kabla ya wakati.

Weusi wa ngozi yetu ni kinga kubwa, na ndiyo sababu makunyanzi huchelewa kwetu kuliko kwa Wazungu. Ndugu zetu wenye ualbino hawana kinga hiyo. Kwao jua ni suala la saratani ya ngozi, wala si la urembo, na ndiyo maana huko Moshi, katika kituo cha magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, hutengenezwa mafuta ya kuzuia jua ya Kilisun kwa ajili yao.

KIOO KWANZA

Kabla ya kuuliza bei, kaa mbele ya kioo wakati wa mchana na ufanye majaribio matatu.

La kwanza, legeza uso wako kabisa. Ikiwa paji limekuwa laini na mistari huonekana tu unapoinua nyusi au unapozikunja, basi mistari yako ni ya misuli. La pili, ikiwa mistari imebaki hata uso ulipotulia, basi imekwisha kuchorwa katika ngozi yenyewe, na dawa ya misuli itaipunguza bila kuifuta.

La tatu ndilo lenye uzito. Fumba macho, legeza paji, kisha likandamize kwa kiganja ili nyusi zisiweze kupanda. Sasa fumbua macho. Ukiona kope au nyusi zimeangukia macho kiasi cha kukuzuia kuona vizuri, jua kwamba kwa miaka mingi umekuwa ukitumia msuli wa paji kuziinua bila kufahamu. Makunyanzi yako ni jasho la msuli huo. Mtu wa namna hii akichomwa sindano ya kuulegeza, nyusi zake hushuka na macho hufunikwa. Atakuwa na paji laini, naye akishindwa kusoma kibao cha basi.

SINDANO

Watu wengi huiita Botox, ingawa hilo ni jina la dawa ya mtengenezaji mmoja tu. Kilichomo ni sumu ya bakteria, tena miongoni mwa sumu kali kuliko zote zijulikanazo. Katika miaka ya 1820 daktari Mjerumani, Justinus Kerner, aliandika juu ya watu waliopooza na kufa kwa kula soseji zilizoharibika. Mwaka 1895, katika kijiji cha Ellezelles nchini Ubelgiji, watu waliugua vivyo hivyo baada ya kula paja la nguruwe lililohifadhiwa kwa chumvi, na mtaalamu Émile van Ermengem akamgundua bakteria mwenyewe.

Sumu hiyo iligeuzwa kuwa dawa na daktari wa macho wa San Francisco, Alan Scott, aliyeitumia kwa kiasi kidogo mno kunyoosha makengeza. Marekani iliidhinisha matumizi hayo mwaka 1989. Wakati huo huo huko Vancouver, Kanada, daktari wa macho Jean Carruthers alikuwa akiwatibu kwa dawa hiyo watu ambao kope zao hukazana zenyewe, akaona kwamba mikunjo katikati ya nyusi nayo imetoweka. Yeye na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, walitangaza habari hiyo mwaka 1992, na mwaka 2002 Marekani ikaidhinisha sindano hiyo kwa mikunjo ya katikati ya nyusi.

Dawa hufanya kazi kwa kukata mawasiliano kati ya mshipa wa fahamu na msuli. Msuli hulegea, na ngozi hutulia. Matokeo huanza kuonekana baada ya siku chache na hukamilika katika wiki mbili. Baada ya miezi mitatu au minne mawasiliano hurudi, na mikunjo hurudi pamoja nayo. Uzuri wake ni kwamba hata kosa hupita. Ubaya wake ni kwamba hata mafanikio hupita.

Madhara ya kawaida ni maumivu ya kichwa, uvimbe mdogo, na pengine kope moja kushuka kwa wiki kadhaa. Haifai kwa mjamzito wala anyonyeshaye, wala mwenye ugonjwa wa udhaifu wa misuli. Mwambie daktari dawa zote unazotumia, kwani baadhi, kama vile jentamaisini, huweza kuiongezea nguvu. Aliyechomwa akipata shida ya kumeza, kusema au kupumua, akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo.

Hatari kubwa zaidi ni mkono usio wa daktari na chupa isiyo ya dawa. Mwaka 2024 Marekani iliripoti watu 22 katika majimbo 11 waliopata madhara baada ya kuchomwa dawa bandia au iliyotunzwa vibaya, wengi wao majumbani na katika nyumba za urembo. Ikiwa hilo limetokea huko, sisi tuna sababu ya kuwa macho maradufu. Aidha, usichanganye sindano hii na ile ya kujaza ngozi. Hiyo ya kujaza, ikiingia katika mshipa wa damu karibu na nyusi, imewahi kuwapofusha watu, na upofu huo mara nyingi haurudi nyuma.

KISU

Kisu hakilegezi msuli tu. Huinua paji zima na nyusi zilizoanguka. Zamani daktari alichana kichwa kutoka sikio hadi sikio nyuma ya mstari wa nywele. Tangu miaka ya 1990 wengi hutoboa matundu machache madogo na kufanya kazi kwa msaada wa kamera nyembamba. Matokeo hudumu kwa miaka, ingawa uzee hausimami kumngoja mtu.

Gharama yake ni dawa ya usingizi, uvimbe wa wiki moja au mbili, na uwezekano wa ganzi ya utosi, kukatika nywele penye kovu, au nyusi kutolingana. Kosa la kisu halipiti baada ya miezi minne. Tena watu wenye ngozi nyeusi tuna uwezekano mkubwa zaidi wa kupata makovu yanayovimba na kukua. Ikiwa kidonda cha zamani au tundu la hereni liliwahi kukufanyia hivyo, mwambie daktari mapema.

Hata hivyo tusikidharau kisu hiki na kudhani ni anasa ya matajiri. Chama cha madaktari warukao kwa ndege, AMREF, kilianzishwa mwaka 1957 na wataalamu watatu wa upasuaji huo huo wa kurekebisha maumbile: Michael Wood aliyeishi Afrika Mashariki, mwalimu wake Archibald McIndoe aliyewatibu marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili, na Mmarekani Tom Rees. Rees alipata sifa New York kwa kukaza nyuso za wenye fedha, na ujuzi ule ule aliutumia huku kwetu kushona midomo ya watoto waliozaliwa nayo imepasuka na kuwatibu walioungua. Nasi leo hatuhitaji kuvuka bahari kuutafuta: mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, ilitangaza kuanza huduma za kurekebisha maumbile. Mzee ambaye nyusi zimemfunika macho hatafuti urembo. Anatafuta kuona, na kisu kwake ni tiba halali.

NJIA YA TATU, ILIYO MBAYA

Wapo watakaosema Dar es Salaam ni mbali, kisha wakanunua mkebe wa krimu gulioni kwa ahadi kwamba utarudisha ujana. Mingi ya mikebe hiyo ni mkorogo. Zebaki huharibu figo. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huacha mabaka meusi yasiyotoka. Krimu zenye steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, nayo ngozi nyembamba hukunjamana zaidi na kidonda chake huchelewa kupona. Vipodozi vyenye viambato hivi vimepigwa marufuku nchini chini ya sheria ya mwaka 2003, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mkebe huu ndani yake mna kibaya kuliko mti.

HESABU NA MASWALI

Sindano kila miezi mitatu au minne ni safari tatu au nne kwa mwaka. Kwa miaka 10 ni sindano 30 hadi 40. Kutoka Namanyere hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,000 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Anayeianza sindano hana budi kuuliza kama ataweza kuiendeleza, na kama yuko tayari kuiacha irudi hali ya mwanzo pindi fedha zikihitajika kwa karo.

Ukiamua kwenda, uliza bila haya: Je, wewe ni daktari uliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika? Dawa hii imesajiliwa nchini, na imetunzwa katika jokofu? Nionyeshe chupa kabla haijafunguliwa. Umewahi kuifanya kazi hii kwa watu wenye ngozi kama yangu? Kukitokea tatizo nikiwa Namanyere, nimwone nani? Anayekasirishwa na maswali haya amekwisha kukujibu.

Tumrudie mama yetu. Tuseme amefanya majaribio yale, na kope zake hazijaanguka. Mistari yake ni ile ya wima, na huwa mirefu zaidi saa za usiku, daftari likiwa mkononi. Anakumbuka kwamba tangu alipopita miaka 45 husogeza maandishi mbali ndipo ayaone, na kwamba hajawahi kupimwa macho. Asubuhi anampigia simu binti yake: "Nauli uliyoahidi itume, mwanangu, lakini kwanza naenda Sumbawanga kwa daktari wa macho. Na ukipata kofia pana ya shambani, nitumie pamoja nayo. Nikishapata miwani, nikaona makunyanzi bado yananisumbua, tutazungumza habari ya sindano."

"Na upasuaji, mama?"

"Huo mwachie babu yako. Nimemwona jana akiinua kope kwa kidole ili anitambue."