Kabla Mwanao Hajachorwa Tatuu

Akina mama wapendwa, hapa kwetu Kerende chale si jambo geni. Wapo mpaka leo wanaopeleka watoto kwa mganga wakachanjwe na kupakwa dawa. Vijana nao siku hizi wanapenda michoro ya mwilini, yaani tatuu. Wengi wetu tunayajua maneno ya Mambo ya Walawi 19:28, lakini leo tuzungumzie afya.

Hatari iko wapi?

Tatuu haiishii juu ya ngozi. Sindano hutoboa mara nyingi sana na kuacha wino katika ngozi ya ndani. Ikiwa sindano hiyo, au wembe wa chale, umetoka kwa mtu mwingine bila kutakaswa, damu yake humfikia mwanao. Hivyo ndivyo yanavyoweza kuenea magonjwa ya homa ya ini aina ya B na C, na hata virusi vya UKIMWI. Virusi vya homa ya ini B huweza kukaa hai katika damu iliyokauka kwa siku 7 au zaidi. Kufuta sindano kwa kitambaa, au kuichovya tena katika kichupa kile kile cha wino, hakusaidii kitu.

Nchini Tanzania watoto wachanga walianza kupewa chanjo ya homa ya ini B mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni. Aina ya C haina chanjo kabisa.

Yako na mengine: pepopunda, majipu, mzio wa wino, hasa mwekundu, na makovu yanayovimba na kukua, ambayo sisi watu weusi huyapata zaidi.

Na piko je?

Dada zetu wanaojiandaa kwa harusi waangalie. Hina halisi huacha rangi ya kahawia au nyekundu. Piko nyeusi tii mara nyingi huchanganywa na dawa ya kupaka nywele, ambayo huweza kuunguza ngozi na kutoa malengelenge. Aliyedhurika hivyo huenda asiweze tena kupaka nywele rangi maishani mwake.

Kama amekwisha kuchorwa

Mama, usimfukuze wala kumtukana. Akikuogopa ataficha kidonda. Asafishe kwa maji safi na sabuni. Asipake majivu, samadi wala dawa ya meno.

Ikiwa sindano ilitumiwa na wengine, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI huanzwa ndani ya saa 72, na zikiwahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Uliza pia chanjo za pepopunda na homa ya ini B. Arudi kupimwa kama mhudumu atakavyopanga, kwa sababu vipimo vya siku za kwanza huweza visionyeshe kitu.

Usingoje ukiona usaha, wekundu unaoenea, homa, taya kukaza, au macho kuwa ya manjano.

Mkononi mwa mama

Kila mtu nyumbani awe na wembe wake. Mtoto akiugua, twende zahanati badala ya kumchanja chale. Na kijana anayetamani mchoro tukae naye tumweleze haya kwa upole. Wino hufutika kwa shida na kwa gharama kubwa, na homa ya ini B ikishakuwa sugu huweza kumfuata mtu maisha yake yote.